Siku za Mwisho za Uwanja wa Nyasi

Kikwe,
9 Februari 2025

Mwanangu Vaileth,

Hii naituma kwa basi la asubuhi, kaichukue stendi kabla hawajaipoteza.

Mimi mzima, ila masikio. Jumapili ulipopiga simu nilisikia kama mtu anamimina mahindi kwenye debe. Nikajibu "ndiyo, ndiyo", na mpaka leo sijui nilikubali nini. Kwa hiyo niandikie. Nimefundisha watoto wa watu kuandika mpaka nikastaafu, halafu wa kwangu ananitumia ujumbe wa maneno matatu.

Sasa habari yenyewe. Uwanja wa ndege unafungwa! Ule wa nyasi, wa klabu, hapo chini ya shamba letu, ambako watu wa mjini huja Jumamosi kurukaruka angani kwa raha zao. Mwenye ardhi ameiuza kwa kampuni ya kujenga nyumba. Ndege zote ziwe zimeondoka mwisho wa Juni. Tuliitwa mkutanoni, kampuni ikamleta kijana mmoja anaitwa Brian, viatu vinang'aa utadhani hajakanyaga vumbi la Kikwe. Akasema tutapata bomba la maji, barabara ya lami na soko. Mwenyekiti wetu Sadoki akauliza nani ana la kusema. Nikasimama. Nikasema mimi mjane wa Naftali, fundi wa ndege, naunga mkono, na uwanja huo hata ungefungwa jana ungekuwa umechelewa. Watu wakapiga makofi. Niliyaona, sikuyasikia.

Lerionka naye alikuwepo, amekaa nyuma na fimbo yake. Nasikia aliinamisha kichwa. Ainamishe. Baba yako alipanda naye ndege akiwa mzima, akarudishwa kwetu amefunikwa shuka. Yeye rubani akatoka na kilema cha mguu tu, na kesho yake uwanja ukafunguliwa kama kawaida. Wewe ulikuwa darasa la sita. Sijamsemesha tangu msiba na sina mpango.

Nilidhani nitafurahi zaidi ya hivi. Tangu siku ile situlii, naingia jikoni nasahau nilichofuata.

Nashukuru Mungu wewe uko ofisini Mwanza na mahesabu yako, miguu chini ya meza.

Mama yako,
Kaanaeli


Mwanza,
20 Februari 2025

Mama,

Shikamoo. Barua nimeipata, imeloa pembeni lakini inasomeka.

Pole na masikio. Nilichokuuliza kwenye simu ni kama umekula. Ukajibu ndiyo, basi hujakubali kitu kibaya.

Sasa, uwanja. Naelewa kwa nini ulisimama, na nani atakulaumu? Lakini Mama, nimeisoma mara nyingi na kuna kitu kinanisumbua. Hizo nyumba zitafika wapi? Mwisho wa uwanja, upande wa mtoni, pale ardhi ilipobonyea na ndege ikigusa inadunda, mfereji wetu unapita hatua chache tu kutoka hapo. Na njia ya kupeleka ng'ombe mtoni iko palepale. Kampuni imesema nini kuhusu mfereji? Bomba la maji haliwezi kumwagilia shamba. Tafadhali usiunge mkono kitu kingine chochote mpaka muonyeshwe ramani.

Na Mzee Lerionka, je, ataenda wapi? Nauliza tu.

Kazi ni nzuri. Kiti changu kiko dirishani, naona ziwa lote.

Wako,
Vaileth


Kikwe,
16 Machi 2025

Vaileth,

Umejuaje kwamba ndege inadunda pale? Mimi nimeishi juu ya uwanja ule tangu niolewe na sijui inapodunda. Au baba yako alikuambia? Sikumbuki akiongea na mtoto mambo hayo.

Haya, tuyaache.

Vigingi vimeanza. Vimepakwa rangi nyekundu kichwani. Kimoja kiko karibu na mgomba wa Mama Susana, kingine nimekikuta ndani ya matete, ng'ambo ya mfereji. Nilimfuata Brian aliposhuka kwenye gari lake.

"Kijana, hiki kigingi kinafanya nini huku? Uwanja si uko kule?"

Alizungumza sana, midomo ikienda haraka. Nikamwambia, "Paza sauti, mimi sisikii vizuri." Akapaza mpaka mbuzi wakashtuka: "Ni vya umeme, Mama! Nguzo za umeme zitapita!"

Basi, umeme si mbaya. Nikarudi nyumbani. Sikukaa, nikaenda tena kukitazama, nikarudi, nikaenda tena. Sadoki nilipomuuliza alinijibu mbele za watu, "Mwalimu, si wewe uliyesema uwanja ungefungwa jana? Sasa mbona unahesabu vijiti?" Watu wakacheka. Kucheka siku hizi nakujua kwa mabega.

Ndege zinaondoka moja moja. Nyingine zimefunguliwa mabawa, zimepakiwa kwenye lori kama vitanda. Nikuambie jambo la ajabu. Tangu masikio yazibe, ndege nilikuwa nazisikia kifuani, na vikombe kabatini vinatetemeka. Sasa vikombe vimetulia na mimi ndiye nisiyepata usingizi.

Njoo Pasaka. Ofisi gani hiyo isiyotoa likizo?

Mama yako


Mwanza,
30 Machi 2025

Mama,

Shikamoo.

Pasaka siwezi. Kuna ukaguzi mkubwa mwezi wa nne na mimi ndiye ninayekaguliwa, nisipokuwepo nitakuwa nimeharibu kila kitu. Usinikasirikie. Ukipita salama nitakuja, nakuahidi.

Vigingi vya umeme, Mama? Nguzo za umeme huwekwa kwa mstari ulionyooka. Hazizunguki shamba la mtu. Kimoja kwa Mama Susana, kingine ng'ambo ya mfereji: hiyo ni kona. Mtu akitembea chini haoni kitu, matete ni marefu na mahindi yanarefuka. Vingeonekana vyote kwa pamoja ungejua mara moja vinazunguka nini.

Sasa nitasema neno ambalo hutalipenda. Kuna mtu mmoja hapo anayeweza kuviona vyote kwa pamoja. Ndege yake bado ipo. Mwendee Mzee Lerionka.

Vaileth


Kikwe,
12 Aprili 2025

Vaileth,

Kwa Lerionka siendi.

Kama huko Mwanza wamekufundisha kumtuma mama yako kwa mtu aliyemrudishia maiti, wamekufundisha vibaya.

Mvua imeanza. Mahindi mazuri.

Kaanaeli


Mwanza,
25 Aprili 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Nimekukosea kwa namna nilivyoliandika. Sikukutuma, naomba unielewe.

Ila niulize swali moja halafu ninyamaze. Siku ile, nani alikuambia jinsi ilivyokuwa? Waliokuja nyumbani ni watu wa klabu na mchungaji. Mzee Lerionka alikuwa hospitali. Umewahi kuisikia kutoka kwake?

Ukaguzi nimepita. Nilitaka ujue wewe kwanza.

Vaileth


Mwanza,
1 Juni 2025

Mama,

Mwezi mzima hujaandika. Nimetuma salamu kwa kondakta, amerudi mikono mitupu. Nimempigia Mama Susana, anasema mchana nyumbani hupo, mlango una kufuli na ng'ombe wamefungwa karibu. Anasema umeonekana ukitembea uwanjani, katikati kabisa ya nyasi, na mkoba wa kanisani. Unafanya nini huko? Unaumwa? Umegombana na wale watu wa kampuni?

Hapa nashindwa kukaa. Nikishika kazi mkono unafanya kingine, na kazi yangu haitaki hivyo. Niandikie hata mstari mmoja wa matusi.

Vaileth


Kikwe,
15 Juni 2025

Vaileth,

Siumwi. Matusi ninayo, ila yatasubiri.

Swali lako la mwezi wa nne lilinikaa kooni. Nililila na ugali, nikaenda nalo shambani. Kwa sababu jibu lake ni hapana, sikuwahi kuisikia kutoka kwake. Alikuja mara moja na magongo, mwaka ule, nikamfungia mlango. Basi mwezi wa tano nikavaa nguo za kanisani, nikachukua mkoba, nikashuka.

Siku ya kwanza nilifika katikati ya nyasi nikarudi. Ya pili vilevile. Ya tatu alikuwa nje ya banda akiosha ndege yake kwa kitambaa. Aliponiona aliacha fimbo ikaanguka.

"Karibu, Mama Vaileth," akasema. Hilo nililisoma midomoni.

Nikamwambia, "Sikuja kukusalimia. Nataka kuona vigingi."

Hakuuliza maswali. Alifungua mlango wa upande wa pili. Nilishika ukingo wa mlango, mguu mmoja juu mmoja chini, nikasema moyoni, Kaanaeli, wewe ni mwendawazimu. Akanivisha yale madude ya masikioni, akazungusha kitu. Na mwanangu, nikasikia! Sauti ya mtu, iliyonyooka, ndani kabisa ya kichwa. Sijasikia mtu hivyo tangu niache shule. Alisema tu, "Funga mkanda," nikatokwa machozi, akadhani ni woga. Woga pia ulikuwepo. Tulipoacha ardhi nilishika goti langu mpaka likabaki na alama za kucha.

Meru ilikuwa wazi kileleni. Paa letu dogo. Ng'ombe kama maharage. Halafu akainamisha ndege upande wangu, akasema, "Tazama sasa."

Nikaona. Walikuwa wamefyeka mstari ndani ya matete na kandokando ya mahindi, kigingi kwa kigingi, na ule mstari ulipotoka kwenye uwanja ukavuka mfereji, ukashuka na njia yote ya ng'ombe mpaka mtoni, ukageuka kwa Mama Susana ukarudi. Umeme gani! Ule ni ukuta wa nyumba zao. Mfereji wetu wa wazee ungekuwa ndani ya bustani za watu, na ng'ombe wa kitongoji kizima wangezunguka kwa barabara kuu.

"Unaweza kupiga picha?" Lerionka akauliza.

"Simu ninayo, ndege ndiyo haitulii."

"Piga nyingi, moja itatulia."

Nilipiga mpaka simu ikakataa. Wakati tunarudi nikamuuliza. Nadhani nisingeweza kumuuliza mahali pengine, kule juu hakuna mlango wa kufunga. Nikasema, "Kwa nini ulimpandisha mume wangu?"

Alinyoosha ndege kwanza. Kisha akasema, "Nilimkataza. Injini alikuwa amemaliza kuitengeneza, nikamwambia nakwenda kuijaribu peke yangu. Naftali akasema, kama mimi niliyeifunga nakaa chini nikitazama, wewe utaipanda kwa imani gani? Akaingia, akacheka, akafunga mkanda." Halafu akasema, "Injini haikuwa na kosa, Mama Vaileth. Upepo wa mlimani ulitubamiza tukiwa chini sana, na aliyekuwa ameshika usukani ni mimi. Nilikuja kwako na magongo nikuambie hivyo."

Tulishuka, na pale mwisho wa uwanja ndege ikadunda, nikapiga kelele. Akacheka bila kufikiri, akasema, "Vaileth naye alipiga kelele hivyohivyo siku ya kwanza."

Nimekaa na sentensi hiyo wiki tatu. Ndiyo maana sikuandika. Kila nikianza kalamu inatoboa karatasi.

Nikakumbuka Jumamosi zako zote za chuo, ulipopanga chumba mjini, Levolosi, ukiniambia una mazoezi ya kwaya. Kwaya! Na mimi nikawa naomba Mungu akukuzie sauti. Nikakumbuka kiti cha dirishani na ziwa lote. Ukaguzi unaokukagua wewe. Mimi mwalimu, naweza kusoma barua, ila zako nilizisoma kama nilivyotaka ziwe.

Nimalize ya vigingi. Mama Susana alizitoa picha kwenye simu yangu zikachapishwa kubwa, mjini Kaloleni. Tukaitisha mkutano. Sadoki hakutaka, akasema mambo yameshapita. Nikasimama nikasema, "Mwezi wa pili nilisimama hapahapa nikasema uwanja uondoke. Hilo nilisema. Mfereji sikusema uondoke. Nani alisema? Anyooshe mkono." Picha zikapita mkono kwa mkono, wazee wakafuata mstari kwa kidole. Brian akasema ni kosa la wapimaji. Lerionka akaulizwa kama kweli ndivyo ilivyo kutoka juu, akasimama na fimbo yake, akaeleza. Waliompigia makofi ni walewale walionipigia mimi. Ijumaa watu wa ardhi wa wilaya wamekuja na mitambo yao, wamepima, vigingi vimeng'olewa ng'ambo ya mfereji. Ukuta utaishia kwenye nyasi. Mfereji na njia vimebaki vyetu.

Uwanja wenyewe haukunusurika. Mwisho wa mwezi ni uleule.

Sasa niambie kwa mkono wako. Unafanya kazi gani?

Mama yako


Mwanza,
20 Juni 2025

Mama,

Shikamoo. Nimeisoma nimesimama stendi, watu wananipita na mizigo.

Mimi ni rubani. Tangu tarehe ishirini na mbili Aprili, nilipofaulu mtihani wa kampuni yetu ya ndege. Nabeba watu wa utafiti na wagonjwa kwenye visiwa, ndege ndogo, injini moja. Mahesabu nilisoma kweli na nikaajiriwa huku kuandika vitabu vyao. Ila Mzee Lerionka alikuwa ameshanifundisha, na baadaye wao wenyewe wakanisomesha nimalize. Alinikataa mara nyingi kabla ya kukubali. Alisema binti wa Naftali hawezi kumfundisha bila mama yake kujua. Nikamwambia basi nitakwenda kufundishwa na mtu asiyeujua upepo wa Meru. Hapo ndipo alipokubali, kwa hasira.

Sikukuambia kwa sababu ungenikataza na ningekutii. Ndivyo ilivyo, Mama. Nakujua na najijua.

Kuna jambo lingine na lina haraka. Daktari amemwambia Mzee Lerionka kwamba cheti chake cha afya ya kurusha ndege kikiisha mwezi huu hampi kingine, na safari ndefu peke yake amemkataza tangu sasa. Ndege yake haina pa kwenda. Bosi wangu amekubali ilale kwenye banda letu hapa. Lazima mtu aje kuitoa kabla geti halijafungwa, na Mzee amenitaja mimi. Kuruka kutoka palepale, Mama. Uwanja uleule.

Ukisema hapana nitakataa, atatafutwa mwingine. Nasubiri neno lako. Nimemwomba kondakta akusubiri uandike.

Vaileth


Kikwe,
22 Juni 2025

Njoo. Usile vitu vya njiani.

Mama


Kikwe,
6 Julai 2025

Mwanangu,

Ulipoondoka hukuona yaliyotokea chini, kwa hiyo nikuandikie.

Kwanza, mimi sikufumba macho. Nilikuambia nitafumba. Ulipofika pale inapobonyea nilimshika Lerionka mkono kwa nguvu hata akasema aii. Ukanyanyuka. Ukapita juu ya mahindi, ukapita pale alipoangukia baba yako, ukaendelea kupanda. Nilikuwa nasubiri upepo. Lerionka alikuwa anaongea peke yake kwa Kimaasai, sijui ni sala au anakufundisha. Ulipogeuka upande wa Monduli akakaa chini kwenye nyasi kama mtoto.

Tulibaki pale mpaka mchana. Mara tunageuka, watu wa Brian wameshafunga geti kwa mnyororo na kuondoka, hawakujua tumo ndani! Mwalimu mstaafu na rubani mwenye fimbo tukatafuta pa kutokea. Ilibidi tupenye chini ya waya mpya wa kampuni upande wa matete, gauni langu la kanisani likachanika, yeye kofia ikabaki kwenye miiba. Nilicheka, Vaileth. Nilicheka mpaka nikashika tumbo, naye akacheka, tukiwa tumepiga magoti kwenye tope la mfereji.

Akaniuliza barabara iko wapi, yeye amezoea geti tu. Nikamwonyesha njia ya ng'ombe. "Pita hapa, Mzee. Hapa hakuna wa kukufukuza."

Jumatatu katapila limeingia. Nyasi zote zimegeuzwa, uwanja mzima sasa ni udongo mwekundu. Nilidhani nitasimama nitazame kwa raha kama nilivyojiahidi miaka yote hii. Nilitazama kidogo nikaenda kupalilia.

Kutulia bado sijatulia, nisikudanganye. Zamani nilikuwa naogopa uwanja mmoja. Sasa naogopa mbingu yote. Ndege ikipita natoka nje na mwiko mkononi, hata zile kubwa za watalii. Sijui ipi ni yako na ipi si yako.

Nazipungia zote.

Mama yako,
Kaanaeli